Kebo ya LT inachemka, fyuzi ya juu imetulia: kutafuta tatizo kati ya transfoma na breka kuu

Ukizunguka Tanga, kuanzia korona za mkonge (viwanda vya kuchakata majani yake) upande wa Ngomeni hadi karakana za mbao na mashine za barafu mjini, mpangilio ni ule ule. Transfoma iko juu ya nguzo mbili, dropauti tatu (vishikizo vya fyuzi za HT, yaani umeme mkubwa, vinavyodondoka fyuzi ikikatika) ziko juu yake, kebo zinashuka kutoka kwenye bushingi za LT (vichwa vya kutolea umeme mdogo wa 400 V), zinapita kwenye bomba au mtaro, kisha zinaingia chumba cha umeme na kuishia kwenye breka kuu. Kipande hicho kinaweza kuwa mita tano, kinaweza kuwa mita arobaini. Kinabeba umeme wote wa kiwanda, na mara nyingi ndicho kilicholindwa vibaya kuliko vyote.

Jambo la kushika kabla ya dalili yoyote ni hili. Breka iliyoko chumbani inaweza kulinda kebo iliyo nyuma yake, yaani upande wa transfoma, dhidi ya ovalodi, kwa sababu mkondo unaopita kwenye breka ndio ule ule unaopita kwenye kebo, mradi hakuna aliyechomoa waya katikati, yaani kuunganisha tawi la pembeni kabla ya breka. Lakini shoti ikitokea kabla ya breka, breka haioni kitu. Aliyebaki kuiona ni fyuzi ya HT tu, naye anaona kidogo sana, kama hesabu hapa chini zinavyoonyesha. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za IEC 60364, sehemu ya 4-43, zinaruhusu kebo ya kutoka transfoma hadi paneli kukosa kinga ya shoti mwanzoni mwake kwa masharti: paneli iwe na kinga, kebo ipitishwe kwa namna inayopunguza sana uwezekano wa shoti, na isiwe karibu na kitu kinachoshika moto. Sharti moja likikosekana, ruhusa nayo imekwisha.

Kabla ya kufungua chochote

Kuzima breka kuu hakuzimi kebo ya LT. Inabaki na umeme hadi dropauti zifunguliwe, na dropauti za transfoma ya umma ni kazi ya TANESCO, si ya fundi wa kiwanda. Zikishafunguliwa, pima kila fezi kwa nyutro na kwa ethi, kisha pima fezi kwa fezi, halafu jaribu mita yako kwenye umeme unaoujua ili uhakikishe ni nzima. Fungia kufuli.

Hatari inayosahaulika ni jenereta. Kama kuna njia yoyote ya jenereta kurudisha 400 V kwenye bushingi za LT, transfoma itafanya kazi kinyumenyume na kuzalisha 11,000 V au 33,000 V juu, mahali ambapo mtu wa laini anaamini hakuna umeme. Hakikisha swichi ya kubadilishia ni ya kweli, yenye kufungana kimashine, si breka mbili zinazotegemea kumbukumbu ya mlinzi wa usiku. Na kama kuna CT (transfoma ndogo za kupimia mkondo) za ampmita, usifungue waya zake wakati mzigo unapita. Unganisha kwanza ncha zake mbili kwa kipande cha waya, maana CT iliyoachwa wazi inatoa volti za kuua.

Namba za kuwa nazo mfukoni

Mkondo kamili wa LT kwa 400 V: kVA 100 ni 144 A, kVA 200 ni 289 A, kVA 315 ni 455 A, kVA 500 ni 722 A, kVA 630 ni 909 A. Njia ni kVA mara 1,000, gawa kwa 1.732, gawa kwa 400.

Mkondo wa shoti kwenye bushingi unapatikana kwa kugawa mkondo kamili kwa asilimia ya impidansi (upinzani wa ndani) iliyoandikwa kwenye kibati cha transfoma. Transfoma nyingi za ukubwa huu ni asilimia 4. Kwa hiyo kVA 100 inatoa takriban 3.6 kA, kVA 315 inatoa 11.4 kA, na kVA 630 inafika 22.7 kA. Ukiona breka ndogo za reli zenye maandishi 6000 zimefungwa moja kwa moja kwenye basiba (pau ya kugawia umeme) ya transfoma ya kVA 315, usitafute dalili nyingine kwanza. Breka hizo hazina uwezo wa kukata shoti ya mahali hapo, zinaweza kupasuka.

Dalili: kebo inachemka, insulesheni imevimba, hakuna kinachokata

Hii ndiyo dalili inayowachanganya wengi, kwa kuwa juu kuna fyuzi na chini kuna breka, na vyote vimetulia.

Anza na breka. Soma ukubwa wake na mahali ilipowekwa ovalodi, kisha soma kebo. Chukua kebo ya shaba yenye XLPE (insulesheni inayovumilia joto kuliko PVC) na amari (nyaya za chuma za kuikinga), koa nne, yaani waya nne ndani, za mm² 240. Ikilazwa kwenye trei yenye matundu, penye hewa ya nyuzi 30, inabeba 546 A. Chumba cha bati cha Tanga mwezi wa Februari hakikai nyuzi 30. Kwa nyuzi 40 zidisha kwa 0.91, unapata 497 A. Ingekuwa ya PVC, ungeanza na 445 A na kuzidisha kwa 0.87, ukabaki na 387 A, ambayo haifiki hata mkondo kamili wa transfoma ya kVA 315.

Sasa breka ya 630 A iliyoachwa kwenye 1.0 inaruhusu 630 A zipite mchana kutwa kwenye kebo ya 497 A. Kwenye 0.8 inaruhusu 504 A, bado imezidi kidogo. Kwenye 0.7 inaruhusu 441 A, na hapo kebo imelindwa. Kanuni ni moja: mzigo uwe mdogo kuliko mpangilio wa breka, na mpangilio wa breka uwe mdogo kuliko uwezo wa kebo baada ya kuupunguza kwa ajili ya joto na msongamano. Wengi hulinganisha breka na transfoma peke yake, halafu kebo hairudiwi kuangaliwa.

Lakini fyuzi ya juu je? Tuseme transfoma hiyo ya kVA 315 iko kwenye 11 kV. Mkondo wake wa HT ni 16.5 A. Fyuzi haiwezi kuwa ya 16 A, kwa sababu transfoma ikiwashwa inavuta kwa muda mfupi mara 8 hadi 12 ya mkondo wake, na fyuzi ndogo ingedondoka kila umeme unaporudi. Tuseme imewekwa ya 20 A aina ya K (inayokatika haraka). Fyuzi ya aina hiyo inabeba asilimia 150 bila kuyeyuka, yaani 30 A. Zidisha kwa 27.5, ambao ndio uwiano wa 11,000 kwa 400: LT inaweza kubeba 825 A mfululizo na fyuzi haitajali.

Hapo ni fezi tatu zikiwa sawa. Kwa fezi moja na nyutro hali ni mbaya zaidi. Koili za transfoma hizi zimeunganishwa kwa delta (pembetatu) juu na nyota chini, na mkondo wa fezi moja chini unaonekana juu kwenye waya mbili ukiwa umepungua hadi asilimia 58 ya ulivyopaswa kuonekana. Zile 30 A za juu zinakuwa takriban 1,430 A kwenye fezi moja ya chini. Sasa fikiria insulesheni iliyochubuka ndani ya bomba la chuma kabla ya breka, inapiga cheche kwa 1,000 A. Juu hizo ni 21 A tu. Fyuzi itazibeba hadi kebo iishe yenyewe. Ukikuta bomba limetoboka kwa moto na dropauti zote tatu ziko mahali pake, usimlaumu aliyechagua fyuzi. Fyuzi ile kazi yake ni kuitenga transfoma mbovu na laini, haijawahi kuwa kinga ya kebo yako.

Kama breka imewekwa sawa na kebo bado inachemka, tazama kama ni kebo mbili kwa kila fezi. Breka inapima jumla, haijui imegawanyikaje. Bana klampu mita kwenye kila kebo peke yake. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, kuna sababu: lagi moja (kichwa cha metali kinachobanwa mwisho wa kebo) imelegea, urefu hautoshani, au moja imepita mbali na wenzake kwenye mtaro. Mfano wa kawaida ni jumla ya 400 A, kebo moja ikiwa na 310 na nyingine 90. Yenye 90 ndiyo yenye kiungo kibovu, yenye 310 ndiyo inayochemka. Fundi akikata na kubadilisha ile ya moto, kesho yake ile mpya itachemka vilevile.

Angalia pia msongamano. Kebo nne zilizolala pamoja kwenye bomba moja lililozikwa hazibebi kile kilichoandikwa kwenye jedwali la kebo iliyolazwa kwenye trei.

Dalili: kebo ni baridi, lakini bati la kuingilia paneli linaunguza mkono

Hizi ni kebo za koa moja zilizopitishwa kila moja kwenye tundu lake katika bati la chuma. Usumaku wa kila kebo unazunguka kwenye chuma na kulichemsha. Badilisha bati liwe la alumini au shaba nyeupe, au kata mfereji unaounganisha matundu yote ili mzunguko wa usumaku ukatike. Na kebo ya koa moja yenye amari ya nyaya za chuma haifai kwa umeme wa AC hata kidogo. Ya koa moja huwa na amari ya alumini.

Dalili: breka kuu inakata mchana, mita inaonyesha iko chini ya kiwango

Breka inakata saa nane mchana kwenye 360 A wakati imewekwa 441 A. Asubuhi kwa mzigo ule ule haikati. Mara nyingi hii si ovalodi, ni joto linaloingia kwenye breka kutoka nje yake.

Breka za kawaida za bimetali nyingi zimepimwa kwenye nyuzi 40. Ndani ya boksi lililozibwa, chini ya bati, hewa inaweza kuzidi hapo sana, na breka ikakata kwa asilimia 10 au zaidi chini ya namba iliyoandikwa. Za kielektroniki hazisumbuliwi sana na hewa, ila nazo zina kikomo chao. Fungua tundu la hewa chini na juu ya boksi, weka wavu wa kuzuia wadudu, tazama kama tabia inabadilika.

Chanzo kingine ni lagi. Kipimo kizuri, ambacho hakihitaji kamera ya joto, ni cha milivolti. Mzigo ukiwa unapita, weka ncha moja ya mita kwenye shingo ya lagi na nyingine kwenye basiba au kwenye chuma cha breka chenyewe, ukiwa umevaa glavu na unatumia mita inayofaa mahali pale. Kiungo kizima kinaonyesha milivolti chache. Linganisha fezi tatu. Mbili zikisoma 6 na 7 na ya tatu 100, umepata. Milivolti 100 kwa 300 A ni wati 30, sawa na pasi ya kulehemu iliyowashwa na kuegemezwa kwenye breka siku nzima.

Ikate lagi hiyo kwa msumeno baada ya kuitoa, utaelewa. Nzima, nyuzi za shaba zimebanana mpaka zinaonekana kama chuma kimoja, huoni nafasi kati yake. Mbovu, nyuzi bado ni za mviringo, kati yake kuna unga wa kijani au mweusi, na pembeni kuna nafasi inayopitisha pini. Hiyo ilibanwa kwa nyundo, au kwa krimpa yenye dai (taya za kubania) ya ukubwa mwingine. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi kilomita kadhaa kutoka ufukweni, na chumvi inapata njia penye nafasi kama hiyo. Kwa Raskazone, Sahare na Mwambani, funga shingo ya lagi kwa mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani, na usikutanishe alumini na shaba ana kwa ana. Tumia lagi ya metali mbili na grisi ya viungo. Bana nati kwa toki renchi kwa namba iliyobandikwa kwenye breka, si kwa nguvu za mkono.

Ukipima joto wakati mzigo ni nusu, usiridhike haraka. Joto la kiungo linapanda kwa mraba wa mkondo. Nyuzi 10 juu ya wenzake kwa nusu ya mzigo ni kama nyuzi 40 mzigo ukijaa.

Dalili: fezi moja nzuri, mbili hafifu

Mota zinanguruma, taa za upande mmoja zinafifia. Pima fezi kwa nyutro: 230, 115, 115. Kisha pima kati ya zile mbili hafifu: karibu sifuri. Kati ya nzuri na kila hafifu: karibu 345. Namba hizi zikija hivyo, au karibu na hivyo kwa kuwa mzigo huzivuta kidogo, dropauti moja imedondoka au waya mmoja wa HT umekatika. Usihangaike na breka. Zima mota zote mara moja, maana kila dakika inaziunguza, kisha itwe TANESCO.

Tofautisha na hii: fezi moja ni sifuri na mbili ni 230 kila moja. Hapo HT ni nzima, tatizo liko LT: lagi iliyoachia, mguso wa fezi moja ndani ya breka usiogusana, au fyuzi moja ya HRC (yenye uwezo mkubwa wa kukata shoti) iliyokufa. Uangalifu unahitajika, kwa kuwa mota inayozunguka inaweza kurudisha volti kwenye fezi iliyokatika na kukuonyesha 180 au 200. Zima mota kwanza ndipo upime.

Na hii ya tatu: moja 270, nyingine 190, nyingine 235, zinacheza kila mashine ikiwashwa au kuzimwa. Nyutro imelegea. Hakuna breka wala fyuzi itakayokata kwa sababu hiyo, kwani hakuna mkondo uliozidi. Vitakavyokufa ni friji, kompyuta na vidhibiti. Anza kwenye bushingi ya nyutro ya transfoma, malizia kwenye basiba ya nyutro ya paneli. Rilei ya kulinda fezi, inayokata kontakta volti zikipotoka, ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na mota moja ya kusukwa upya, na inafaa kwa dalili zote tatu.

Dalili: dropauti imedondoka, breka kuu haijakata

Sababu zinazowezekana ni nne, na mpangilio wa kuzitafuta ni muhimu.

Kwanza, shoti kati ya bushingi na breka. Umeme ukiwa umezimwa juu, toa lagi zote za kebo pande zote mbili, nyutro pia, na upime kwa mega (mita ya insulesheni). Kiwango cha chini cha IEC kwa nyaya za hadi 500 V ni megaomu 1 kwa kipimo cha 500 V. Hicho ni kiwango cha kufeli, si cha kujivunia. Kebo nzima fupi inasoma mamia ya megaomu au zaidi. Pima fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, kila moja kwa amari. Inayosoma 2 au 3 wakati wenzake wanasoma 500 ina maji ndani, hata kama imepita kiwango.

Pili, transfoma yenyewe. Kebo zikiwa zimetolewa na dropauti ikadondoka tena, hilo si lako.

Tatu, radi, au fyuzi iliyochoka. Fyuzi iliyowahi kupata joto la karibu kuyeyuka inaweza kukatika baadaye bila sababu ya kuonekana. Ndiyo maana moja ikikatika ni busara zote tatu zibadilishwe.

Nne, shoti ilikuwa baada ya breka, lakini breka ilichelewa. Breka za kielektroniki zina mpangilio wa kuchelewesha shoti, kwa mfano sekunde 0.4, ili breka ndogo za chini zipate nafasi. Shoti kamili ya 11.4 kA kwenye LT ni takriban 415 A kwenye HT ya 11 kV, na fyuzi ya 20 A haingoji sekunde 0.4. Ondoa kabisa ucheleweshaji wa breka kuu. Unaweza kupoteza mpangilio mzuri na breka za chini, lakini kurudisha breka ni dakika moja na kurudisha dropauti ni kusubiri gari.

Dalili: waya mdogo umeungua wote, kuanzia bushingi

Taa ya mlinzi, pampu ya kisima, au soketi ya mchomeleaji imeunganishwa kabla ya breka kuu ili isizimwe kiwanda kinapofungwa. Waya ni wa mm² 10, PVC. Mwisho wake kuna breka ya 32 A, kwa hiyo aliyefunga anaamini umelindwa.

Upigie hesabu. Waya unavumilia shoti kwa muda unaopatikana hivi: eneo lake mara 115 kwa shaba ya PVC, gawa kwa mkondo wa shoti, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Kwa mm² 10 ni 1,150 gawa kwa 11,400, sawa na 0.1, na mraba wake ni sekunde 0.01. Hiyo ni nusu ya mzunguko mmoja wa umeme wa 50 Hz. Hakuna dropauti itakayowahi. Shoti ikipiga karibu na bushingi, waya unageuka moshi na shaba iliyoyeyuka kabla ya chochote kukatika. Linganisha na kebo ya XLPE ya mm² 240, ambayo hutumia 143: inapata sekunde 9.

Waya unaoishia kwenye breka ya 32 A umelindwa dhidi ya ovalodi tu. Dawa yake ni fyuzi ya HRC ya 32 A yenye uwezo wa kukata 50 kA au 80 kA, iwekwe mahali waya unapochomolewa. Ikishindikana, kanuni inaruhusu kipande kisichozidi mita 3 kabla ya fyuzi, kikipita peke yake kwenye bomba imara, mbali na kinachoshika moto. Kwenye korona, vumbi la mkonge linalotanda juu ya kila boriti ni kitu kinachoshika moto, kwa hiyo hata hizo mita 3 msizitumie ndani ya jengo la mashine. Wekeni fyuzi nje, kwenye nguzo.

Na kumbuka, waya huo ukishachomolewa hapo katikati, breka kuu nayo haipimi tena mkondo wote wa kebo ya nyuma yake.

Dalili: breka inakata mota kubwa ikianza

Mota ya 110 kW ya korona inavuta karibu 200 A ikizunguka, na ikianza moja kwa moja inafika 1,200 hadi 1,400 A, na mshtuko wa kwanza unazidi hapo. Breka ya 250 A yenye mpangilio wa shoti wa mara 5 inakata kwenye 1,250 A. Fundi anazungusha hadi mara 10, mota inaanza, kazi imekwisha.

Haijaisha. Kama kebo hiyo ni XLPE ya mm² 95 inayokwenda mita 300 hadi pampu ya mto, shoti ya fezi na nyutro mwishoni mwake ni takriban 1,500 A tu. Breka iliyowekwa kwenye 2,500 A haitaiona kama shoti. Itaichukulia kama ovalodi, na kuiacha iwake kwa sekunde nyingi. Panda kwa hatua, mara 5.5 kisha 6, na ukisimama juu ya mkondo wa shoti ya mwisho wa kebo umepitiliza. Hapo badilisha njia ya kuwashia mota, weka nyota-delta au sofuti stata (kifaa cha kuwasha mota polepole), ambayo inashusha mkondo wa kuanzia badala ya kuipofusha breka.

Fezi ikigusa bodi ya mashine na ikarudi kwa fimbo ya ethi peke yake, hesabu inakuwa ndogo zaidi. Fimbo ya omu 10 ni 23 A. Hakuna breka ya 250 A duniani itakayokata kwa 23 A, na bodi itabaki na umeme wa kuua. Kwa hilo inatakiwa kebo yenye koa ya ethi inayorudi hadi nyota (kiungo cha nyutro) ya transfoma, au rilei ya kuvuja umeme, au vyote viwili. Ardhi ya mawe ya matumbawe na mchanga mkavu wa pwani haitakupa omu 10 kwa urahisi, hata kwa fimbo tatu.

Mchoro wa Marekani kwenye mashine ya kuagiza

Mashine nyingine huja na transfoma yake ndogo na kitabu kinachofuata kanuni za Marekani, NEC, kifungu cha 240.21(C). Hapo utakutana na futi 10 na futi 25. Kwa ufupi: kebo ya LT isiyozidi futi 10, takriban mita 3, inaruhusiwa bila kinga mwanzoni kama uwezo wake haupungui breka inayoishia, na hairuhusiwi kuongeza breka hadi saizi inayofuata kama kwenye kebo nyingine. Ya futi 25, takriban mita 7.5, ina sharti la ziada: uwezo wake usipungue theluthi moja ya kinga ya upande wa juu baada ya kuigeuza kwa uwiano wa volti. Kitabu hicho pia kinakubali kinga ya juu ilinde kebo ya chini kwa aina mbili tu: fezi moja ya waya mbili, na delta kwa delta ya waya tatu. Delta kwa nyota haimo, kwa ile asilimia 58 tuliyoihesabu. Msichanganye vitabu viwili kwenye paneli moja: mkianza na jedwali la kebo la IEC, malizeni na masharti ya IEC.

Ikiwa transfoma imezimwa na jenereta ndiyo inayobeba kiwanda

Mipangilio yote hapo juu imehesabiwa kwa transfoma. Jenereta ya kVA 100 ina mkondo kamili ule ule wa 144 A, lakini kwenye shoti nyingi hutoa karibu mara 3 tu, kama 430 A, kwa sekunde chache. Breka iliyowekwa 1,250 A haitakata shoti kamwe kiwanda kikiwa kwenye jenereta. Ipe jenereta breka yake, yenye mpangilio wa shoti wa chini ya mara 3, kwenye nyaya zake zenyewe kabla ya swichi ya kubadilishia, na jaribuni kuwasha mota kubwa moja moja mkiwa kwenye jenereta ili mjue ni ipi breka hiyo haitaivumilia.